Siku moja maishani mwangu: maharagi, kopo na imani sokoni Virunga

Saa 11 alfajiri

Kabla sijashika simu, napiga magoti. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, simu ikitangulia, sala imekwisha: utasoma nani alivamiwa usiku, mtaa gani ulisikia risasi, dola imepanda kiasi gani, na ukija kusema Baba Yetu ni mdomo tu unaocheza. Kwa hiyo simu inalala jikoni. Leo ni Alhamisi, nasali rozari ya mafumbo ya mwanga, yale yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilishuka mpaka mjini ikaharibu katedrali yetu ya Mtakatifu Yosefu. Nilikuwa bado msichana. Niliona watu wazima wakisali kwa sauti barabarani, magodoro kichwani, na naamini kusali kwangu kulianzia pale kuliko kwenye mafundisho ya komunyo.

Saa 12

Misa. Tunatembea kikundi cha kina mama wa mtaa mmoja, maana kwenda peke yako kabla jua halijatoka ni kujitafutia taabu. Siku za kazi padri hana maneno mengi, na mimi napenda hivyo.

Saa 1 na nusu

Uji, watoto shuleni, magunia juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Kijana anayenisukumia namlipa palepale akishatua gunia la mwisho. Wengine humwambia apitie jioni, wakishauza. Jioni akipita anaambiwa soko lilikuwa baya. Torati ilishakataza jambo hilo zamani: maskini apewe ujira wake kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake unautegemea. Sioni kwa nini mimi niliyebatizwa nifanye pungufu ya hapo.

Saa 3

Watu wa Virunga wananiita Mama Maharagi. Kazi ya kwanza ni kuchambua. Maharagi ya Masisi na Rutshuru yanafika na maganda, udongo na tumawe tweusi, na mzee mwenye meno machache akiuma kajiwe kamoja, siku yake imeharibika.

Halafu linakuja kopo. Sisi wa rejareja hatupimi sana kwa mizani, tunapima kwa kopo, na kopo lina siri zake. Ukiligonga kitako kwa nyundo kutokea nje, bati linavimba kuelekea ndani. Kwa macho ya mnunuzi kopo ni lilelile, lakini kila ukijaza, konzi nzima ya maharagi inabaki kwako. Wengine wanabandika nta ndani. Wengine wanazamisha vidole vinne wakati wa kuchota. Kuna wanaoyalowesha maharagi usiku ili yavimbe na kujaza upesi, na mama wa watu akiyaweka nyumbani siku mbili yanaanza kunuka.

Kopo langu liko tambarare chini, na mteja yeyote anaweza kupitisha mkono ndani. Nachota, natikisa ili maharagi yakae, naongeza mpaka yanapanda kilima na mengine yanadondokea kwenye mfuko wake. Katika Luka sura ya 6 Yesu anasema juu ya kipimo cha kujaa, kilichoshindiliwa, kilichotikiswa mpaka kinamwagika. Nimesikia wengi wakilitumia andiko hilo kuombea sadaka. Mimi nalisoma kama mtu wa nafaka, na naona Bwana alijua mambo ya sokoni vizuri sana. Alijua kuna kutikisa, kuna kushindilia, na kuna muuzaji asiyetaka kutikisa.

Mama wa meza ya pili hafurahii. "Mama Maharagi, unatuharibia soko," ananiambia, na hatanii. Wateja wakishazoea kipimo changu wanaenda kwake kudai hichohicho, na matabishi, yaani nyongeza ya bure, juu. Namwelewa, naye ana watoto. Gunia langu linatoa makopo machache kuliko la wenzangu, na tofauti hiyo ni ada ya shule, ni sabuni, ni viatu. Sijapata njia ya kuikwepa hasara hiyo, na sidhani ipo.

Saa 5

Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, ninayenunua kwake amefika na mahindi kwa nusu bei. Anafungua gunia, ya juu yanapendeza. Nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, natoa ya katikati. Yana joto. Punje zinashikamana, na nikiipasua moja kwa ukucha, penye moyo wake kuna vumbi la kijani.

"Mama, changanya na mazuri, peleka kwenye mashine. Ikishakuwa unga nani atajua?"

Ukungu wa namna hiyo unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini. Inashambulia ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Bugali, yaani ugali, utaiva, utakuwa mweupe, utapakuliwa kwa watoto, na sumu imo ndani yake.

"Papa, nyumbani kwangu sitausonga huu. Nitamuuziaje mwenzangu?"

"Watu wana njaa, Mama. Afadhali hii kuliko kukosa."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu njaa ni ya kweli. Mji umejaa watu waliokimbia vijiji vyao, na anayekuja kununua nusu kopo hana nguvu ya kuuliza unga umetoka wapi. Ndiyo sababu hasa mimi niulize kwa ajili yake. Papa alifunga gunia lake, akanitakia kazi njema kwa sauti ya hasira, akaenda. Sijui kama atanirudia na mahindi mazuri.

Katika jambo hili Goma ina mtu wa kumtazama. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapahapa mwaka 1981. Alifanya kazi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani, na alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo, watoto wetu wa barabarani. Mwaka 2007 alikataa hongo aliyoletewa ili apitishe chakula kilichoharibika. Mwezi wa saba alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Alikufa ili watu asiowajua hata kwa sura wasile kitu kibovu. Mimi leo sikutishwa na mtu yeyote, nilikosa bei nafuu tu, na hata hivyo nilimwomba Floribert aniombee, kwa sababu hasara ndogo ya kila siku nayo inachosha imani.

Saa 6

Malaika wa Bwana, nikiwa palepale kwenye kiti, macho yamefungwa. Baadaye kidogo jirani yangu Mwislamu anayeuza mawese anakwenda kuswali adhuhuri. Nalinda meza yake, kama anavyolinda yangu Jumapili asubuhi.

Saa 8

Daftari la madeni. Mabenki ya mji yalifungwa mwanzoni mwa 2025, na tangu hapo pesa ya mkononi imekuwa ngumu hata kwa wenye mshahara. Mjane mmoja nimemfutia deni lote. Mwalimu mmoja nimemwongezea muda. Mtu wa tatu, ambaye najua anacho, nimemwambia alipe kwanza. Siwezi kusamehe kila ukurasa, meza ingekufa, na anayenitegemea angekufa nayo njaa. Kabla ya kuchagua namwomba Mungu anionyeshe, na bado kuchagua kunaniuma.

Saa 10

Wateja wamepungua. Sifagii chini ya meza mpaka maibobo wapite, yaliyodondoka ni yao. Zamani Mungu aliwaagiza Waisraeli wasiokote masazo ya shamba, wamwachie maskini na mgeni, na mimi shamba langu ni hili. Nawaita kila mmoja kwa jina lake. Mdogo wao leo alikuwa na kidonda mguuni; nilikisafisha kwa maji na sabuni, nikamfunga kitambaa. Kesho nataka aone muuguzi.

Saa 11 jioni

Shirika, jumuiya yetu ndogo ya wakristo wa mtaa. Tunakutana mapema ili kila mtu awe ndani kabla ya giza. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, tunakaa kimya, kila mwenye neno analisema. Baba mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alisema hawezi kuwaombea waliochoma nyumba yake. Anajaribu, maneno hayatoki. Hakuna aliyemkemea, wala aliyemsomea andiko. Kiongozi wetu, mama mtu mzima, alimjibu, "Basi, baba, sisi tutawaombea kwa niaba yako mpaka siku utakayoweza." Tukawaombea, yeye amekaa katikati yetu ameinamisha kichwa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha. Hili la leo ndilo nitakalolibeba.

Kisha tulichanga kwa ajili ya mzazi mmoja aliyezuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili. Haijatosha, Jumamosi tutapita nyumba kwa nyumba.

Saa 2 usiku

Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza kidogo, samaki wadogo wa ziwani. Mume wangu anaongoza sala ya familia, watoto wanataja wenyewe watu wa kuwaombea. Mdogo ametaja yule wa kidonda, nilikuwa nimemsimulia.

Halafu hesabu. Faida ni ndogo, na mahindi hayapo. Kesho nitashuka Kituku, ufukoni, mashua za Minova na Kalehe zikifika, nitafute makavu. Bei itakuwa juu ya ile ya papa, hilo nalijua. Nitachukua nusu gunia kwanza, nizamishe mkono mpaka chini kabla ya kulipa.