Namna Nilivyoiona Galaksi ya Andromeda kwa Macho Yangu Mwenyewe

Usiku nilipoiona kwa mara ya kwanza galaksi ya Andromeda, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, darubini yangu ilikuwa ndani ya nyumba, imefungwa sandukuni. Kwa majuma sita nilikuwa nimeitafuta kwa darubini hiyo bila mafanikio, nikifuata ushauri wa watu walioniambia kwamba kitu kilicho mbali mno hakionekani ila kwa ukuzaji mkubwa mno. Ushauri huo si sahihi. Naandika haya kwa sababu bado nausikia ukitolewa kwa watu wanaoanza kuzitazama nyota, nao huishia kuamini kwamba macho yao ni mabovu.

Aliyeniuzia darubini alinihakikishia kwamba inakuza mara 500, akanionyesha tarakimu hizo zilizochapwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa sanduku. Nilitoa akiba ya miezi kadhaa. Lenzi ya mbele ya darubini hiyo ina upana wa milimita 60, na lenzi ya kiasi hicho haiwezi kustahimili ukuzaji unaopita mara 120 hivi, yaani mara mbili kwa kila milimita ya upana wake. Ukizidisha, huongezi chochote cha kuona, bali unaitandaza nuru ileile kidogo mpaka inafifia na taswira inavurugika. Mimi nilikuwa sijui hayo. Kila usiku niliweka lenzi ya kuchungulia iliyo ndogo kuliko zote, ambayo ndiyo inayokuza zaidi, nikaielekeza darubini pale simu iliponionyesha, nikainama na kukuta duara la kijivu lisilo na kitu. Nyota chache zilizopita ndani yake zilitetemeka kama kokoto zinazotazamwa chini ya maji yanayotiririka. Nilipoigusa mihimili ya miguu mitatu, hata kwa ncha ya kidole, duara lote liliruka, na ikanibidi nianze upya. Usiku mmoja niliendelea hivyo hadi saa nane, shingo imekakamaa, nikiinua simu yenye mwanga mweupe kila baada ya dakika mbili tatu ili nihakikishe kwamba sijapotea njia.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba pengine niliielekezea darubini mahali penyewe mara nyingi. Galaksi ya Andromeda hutanda angani kwa kiasi cha digrii 3, ambazo ni kama upana wa miezi mipevu sita iliyopangwa sambamba, ilhali duara nililokuwa nikichungulia halikuweza kuumeza hata mwezi mmoja. Nilikuwa kama mtu anayeutafuta ukungu naye yumo ndani yake: pande zote ni kijivu, na hakuna ukingo wa kumwonyesha unapoanzia.

Kilichonitoa hapo ni tarehe. Nilisoma kwamba Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, aliitaja galaksi hii katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 na kuieleza kuwa wingu dogo. Darubini za kwanza zilitokea mwanzoni mwa karne ya 17. Kama yeye aliiona kwa macho matupu zaidi ya miaka 600 kabla ya darubini kuwapo, basi nilichopungukiwa mimi hakikuwa ukuzaji.

Nikangoja usiku usio na mwezi, nikaenda mbali na taa. Nilikuwa nimekwisha kuikariri njia: mraba mkubwa wa kundinyota la Farasi, kisha kutoka pembe yake yenye nyota Alpheratz unafuata mstari wa nyota za kundinyota la Mara, ambalo wengi hulijua kwa jina la Andromeda, mpaka Mirach; hapo unakata kona kuelekea kundinyota la Mke wa Kurusi (Cassiopeia), unapita nyota mbili hafifu, na galaksi iko kando ya ile ya pili. Simu niliizima kabisa. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili chembe zake za kuonea usiku zijijaze upya ile kemikali inayonasa nuru hafifu, na mwanga mweupe wa kioo cha simu huiharibu kazi hiyo kwa sekunde chache. Tochi niliifunika kwa plastiki nyekundu, maana rangi nyekundu hafifu haizisumbui sana chembe hizo. Kisha nilijifunika kitambaa cheusi kichwani, nikabaki humo nusu saa nzima.

Nilipokifunua, nyota ziliongezeka hata nikahofia kwamba ile mistari niliyoikariri imefunikwa. Nilifika kwenye nyota ya pili, nikakaza macho kando yake, na hapakuwa na kitu. Hapo nikatumia mbinu niliyokuwa nimeidharau nilipoisoma: nikaacha kupatazama mahali penyewe, nikaiangalia nyota iliyo pembeni kidogo, huku fikra zangu zikibaki palepale. Doa likajitokeza. Lilikuwa refu kidogo, jeupe kama pumzi juu ya kioo, limelala mshazari. Nikageuza jicho kulitazama vizuri, likatoweka. Nikarudisha jicho pembeni, likarudi. Nilirudia jambo hilo labda mara ishirini, na kila mara lilirudi mahali palepale, kwa umbo lilelile. Sababu ni kwamba katikati kabisa ya jicho, mahali tunapotumia kusomea, hamna chembe za kuonea gizani, zimejaa pembeni. Yeyote atakayekuambia ukodoe macho ili uone kitu hafifu anakufanya ulielekezee giza lile eneo la jicho lisiloliweza giza.

Nyota zote nilizopitia njiani ni majirani. Alpheratz iko umbali wa karibu miaka ya nuru 97 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), Mirach karibu 200, na zote zimo ndani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, yenye kipenyo cha takribani miaka ya nuru 100,000. Doa lile liko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walibishana kama lilikuwa wingu la gesi lililo humu mwetu. Mwanafalaki Mmarekani Henrietta Leavitt alikuwa amegundua kwamba aina fulani ya nyota badilifu hufunua mwangaza wake halisi kwa muda inaochukua kung'aa na kufifia; ukiulinganisha na mwangaza unaoonekana kutoka hapa, unapata umbali wake. Mwaka 1923 mwanafalaki mwenzake Edwin Hubble akaikuta nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Juu ya bamba lake la picha alikuwa ameandika herufi N, ya neno nova, akidhani ni nyota iliyolipuka, kisha akaikata na kuandika kwamba ni badilifu. Umbali alioukokotoa, takribani miaka ya nuru 900,000, ulikuwa mfupi mno, lakini ulitosha kuitoa Andromeda nje ya Njia Nyeupe.

Kuna neno jingine linaloniudhi, kwamba nyota tunazoziona zimekwisha kufa zamani. Nyota zinazoonekana kwa macho ziko umbali wa miaka ya nuru michache hadi maelfu machache, nazo huishi mamilioni na mabilioni ya miaka; karibu zote zipo. Hata katika Andromeda, zilizokufa tangu nuru ile ianze safari ni sehemu ndogo tu: zilizokuwa tayari mwishoni mwa maisha yao, na zile nzito mno zenye maisha mafupi.

Siku hizi natumia darubini ya mkononi ya macho mawili, ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50, iliyonigharimu chini sana kuliko ile ya sandukuni. Nalala chali ili mikono isitetemeke, na doa linapogoma naisogeza darubini polepole, kwa kuwa jicho hukitambua upesi zaidi kitu hafifu kinachosogea. Mwezi uliopita nilirudi Mirach, nikaenda upande wa pili kwa umbali uleule, kwenye galaksi ya M33. Ilinichukua karibu saa nzima. Ni hafifu kuliko Andromeda, haina kiini kinachong'aa, na kwa macho matupu bado sijaipata. Lakini katika darubini ya mkononi ilikuwapo, duara pana la weupe hafifu, nilipoitazama kwa pembeni.