Pafyumu ya limau, joto la Mtwara na chetezo cha bibi

Niseme bei mapema, nisije nikaonekana naficha: laki tatu na elfu kumi. Mgawo wangu wa korosho za shamba alilotuachia baba, baada ya kutoa ada ya mtoto na deni la dukani, ulibaki hela hiyo, nami nikaimalizia kwenye chupa ya pafyumu ya mililita 50. Kaka zangu mpaka leo wanajua nilinunua godoro.

Nilikuwa nimeinusa mara moja tu, kwa mwenzangu wa kazini aliyetoka semina Dar. Kwenye boksi wamechora pwani ya Mediterania, majabali yanashuka baharini na milimau imeshika ukingoni. Ukiipuliza ni kama umeminya ganda la limau karibu na pua, halafu upepo wa bahari ukapita. Jumatatu nikajipuliza mara nne, nikatoka Ligula kwa miguu saa moja na nusu. Saa mbili na robo niko kwenye kiti changu, nanusa mkono. Hamna kitu. Nikamuuliza jirani wa meza, "Dada, nanukia?" Akainama, akavuta pumzi kwa dhati kabisa.

"Unanukia sabuni."

Nikajua nimeuziwa feki. Muuzaji nilipompigia alijibu kwa utulivu wa mtu aliyeshazoea simu za aina hiyo: "Dada yangu, hiyo ni ya limau. Limau halikai." Nikakata simu kwa hasira. Jioni nikaanza kusoma, na kumbe muuzaji alikuwa anasema kweli. Harufu ya malimau, machenza na wenzao inatokana na chembe nyepesi mno, kubwa yao inaitwa limonini, na chembe hizo zikiguswa na joto la ngozi zinaruka kabla ya nyingine zote. Ndiyo maana zinanukia kwa nguvu mwanzoni: zinakimbia. Sasa ukizipaka kwenye shingo inayotoka jasho la Mtwara la Februari, unategemea nini?

Tena aina hii ya manukato ilianzia kwenye baridi. Mwitaliano Johann Maria Farina ndiye aliyeifanya ijulikane mwaka 1709 huko Cologne, Ujerumani, na jina la kolonya likatoka kwenye mji huo. Alimwandikia ndugu yake kwamba harufu aliyoipata inamkumbusha asubuhi ya kwao Italia baada ya mvua. Kolonya ya asili huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5 hivi, iliyobaki ni spiriti na maji. Mtu akishavaa koti juu yake sawa. Mimi navaa dera.

Jumamosi nikafanya jaribio langu jikoni, watoto wakiniangalia kama nimechanganyikiwa. Mpulizo mmoja kwenye karatasi, mmoja kwenye kipande cha kanga kuukuu, mmoja mkono wa kushoto mkavu, mmoja mkono wa kulia niliokwisha kuupaka mafuta. Mkono mkavu, dakika arobaini, kwaheri. Mkono wenye mafuta ulidumu kwa muda wa saa moja na nusu, ila nilikosea kutumia mafuta ya nazi, nikawa nanukia kama keki ya Idi. Nikarudia na mafuta ya mgando yasiyo na harufu, hapo sawa. Kilichonishangaza ni kanga. Jioni, kwenye msumari wa nyuma ya mlango, ilikuwa bado ina ulimau wake, kwa mbali lakini upo.

Kabla ya kuelewa maana ya kanga ile, nikafanya ujinga. Kuokoa chupa, nikaona niwe naongezea na ganda la ndimu shingoni, si ni familia moja? Siku hiyo nilikuwa na safari ya Msangamkuu, nikasimama kusubiri pantoni saa sita mchana. Baada ya siku mbili shingo ikatoka mabaka ya kahawia, kama mtu aliyemwagikiwa chai. Ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua zinaunguza ngozi, na mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la ukoo huohuo linalotiwa kwenye manukato, nayo yanazo, ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi huziondoa kabla ya kuyatia kwenye pafyumu. Ndimu ya sokoni hakuna aliyeiondolea chochote. Mabaka yalikaa wiki kadhaa nikiyafunika na mtandio.

Mtandio huo ndio ulionikamatisha. Nimekwenda Mikindani kumwona bibi, nimemwamkia, hajamaliza hata "marahaba mjukuu wangu", kaniuliza shingoni nimefanya nini. Nikamweleza yote, mpaka bei (nikamwapisha). Akaomba chupa. Akanusa kizibo, akafumba macho.

"Hili danzi."

"Bibi, ni limau la Italia."

"Danzi hili, mwanangu. Limau limo, lakini danzi limo."

Nilibisha, halafu nikaenda kuangalia. Kwenye boksi wameandika bergamoti, tunda ambalo karibu lote linatoka ukanda mmoja wa pwani ya Calabria, kwenye ncha ya Italia, mafuta yake yakikamuliwa gandani bila moto. Na bergamoti ni mtoto wa limau na danzi. Bibi hajawahi kuvuka Rufiji.

Ndipo akanifundisha. Alitoa chetezo, akaweka makaa, akayafunika na jivu jepesi, ndipo akaweka kipande cha udi kisichozidi ukucha. Udi ukigusa kaa wazi unaungua na nguo inanuka moshi. Juu ya jivu unaiva taratibu, nguo inanukia. Juu yake akasimamisha tenga, juu ya tenga gauni langu, ndani nje. Robo saa. Akaligeuza. Akaliacha lipoe kabisa, na hapo alinipiga kofi la mkono kwa haraka zangu, maana pafyumu kwenye nguo yenye moto ni kuipikia hewa, mbali na kwamba spiriti na makaa havikai chumba kimoja. Kisha nikapuliza mara mbili, upande wa ndani, kwenye pindo na kifuani.

Udi ni mzito, hauna haraka ya kuondoka, na limau likikaa juu yake linapata pa kujishikiza. Mafundi wa pafyumu wa Ulaya nao huweka harufu za miti na miski chini ya malimau kwa sababu hiyohiyo.

Nililijaribu gauni hilo kwenye harusi Shangani, nikah saa nne asubuhi. Adhana ya magharibi ilinikuta nasaidia kuosha sufuria, na shangazi wa bwana harusi ananiuliza ni udi gani huo wenye ndimu.

Chupa sasa inakaa ndani ya boksi lake, chini ya mashuka, mbali na dirisha. Imebaki vidole viwili na mnada wa korosho ni mpaka Oktoba. Ijumaa iliyopita kaja mtoto kutoka Mikindani na leso ya bibi, imeshafukizwa tayari, imekunjwa mara nne. "Bibi kasema umuwekee lile danzi lako kidogo."