Siku moja maishani mwangu: saladi bila udongo, Ilemela, Mwanza

Saa 12 asubuhi. Nafungua kitalu kabla jua halijashika mawe ya mlimani. Hata chai sijanywa, tayari natia kidole kwenye vikombe vya miche. Saladi zangu ni za mbegu moja na zinanywa virutubisho vya tangi moja, ila zimesimama kwenye vitu vitatu: kokoto, pumba za mpunga zilizochomwa na unga wa makumbi ya nazi.

Saa 2. Napima tangi. Saladi hutaka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 5.5 na 6.5, na majivu ya pumba huipandisha, kwa hiyo nazisuuza mpaka maji yatoke maangavu. Makumbi ya Pwani nayo huja na chumvi. Nayaloweka kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti, kisha nayasuuza. Usipande humo kabla ya kuyaosha, hata muuzaji akikuhakikishia.

Saa 4. Kijana wangu amerudi na magunia ya pumba kutoka mashineni. Mpunga wa Magu na Misungwi hutuachia pumba tele. Mbichi siziweki: punje zilizobaki huota, na zenyewe huanza kuoza. Tunazichoma polepole, zikishakuwa nyeusi zote tunamwaga maji haraka, maana zikifika nyeupe ni majivu matupu.

Saa 8 mchana. Umeme umekatika, pampu kimya. Hapa ndipo ubishi wote wa kipi bora kati ya hivyo vitatu huisha. Kokoto hazishiki maji, na saladi zake ndizo zinazolegea kwanza. Naanza kuzimwagilia kwa kopo.

“Dada, hii bado imelowa,” kijana anasema akibonyeza kikombe cha makumbi, maji yanamchuruzika vidoleni.

Nauchomoa mche huo. Mizizi ya juu myeupe, ya chini imeanza kuwa ya kahawia. Makumbi yakishiba maji hewa hukosekana, na kwa joto hili mizizi huoza. Kwenye pumba juu pamekauka, chini pana unyevu, na mizizi ni myeupe hadi nchani.

Saa 10. Umeme umerudi. Napeleka saladi hotelini Capri Point.

Saa 1 usiku. Nachanganya madebe mawili ya pumba na moja la makumbi. Mchanganyiko huu unavumilia umeme wetu, na nauli ya makumbi inapungua. Nasia mbegu juu juu bila kuzifukia, kwani saladi huota vizuri ikipata mwanga. Trei nazilaza chumba chenye ubaridi. Joto likipita nyuzi 30, mbegu nyingi hugoma kuota.