Pampasi kwanza, meli baadaye: likizo ya baharini na watoto wadogo kutoka Florida

Wengi huanza na bei na picha za mitelezo ya maji. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 5, anza na swali moja tu: bado anavaa pampasi? Jibu lake ndilo litakaloamua ataogea wapi, wewe utapumzika saa ngapi, na begi litakuwa zito kiasi gani.

Meli nyingi kubwa zinazotoka Miami na Port Canaveral hupokea mtoto aliyetimiza miezi 6 siku ya kuondoka. Safari yenye siku 3 au zaidi mfululizo bila kutia nanga, kama kuvuka Atlantiki, huhitaji miezi 12. Kwa mara ya kwanza chukua safari ya usiku 3 au 4 kwenda Bahamas, inatosha kabisa.

Sasa bwawa, ambalo ndilo huwaliza watoto (na wazazi). Kanuni za afya za Marekani haziruhusu mtoto asiyejua choo kuingia kwenye bwawa la meli wala jakuzi, hata akiwa na pampasi za kuogelea. Pampasi hizo hushika kilicho kigumu, kuhara hupita. Ikitokea ajali, bwawa hufungwa ili kutiwa dawa, na abiria wote watajua ni mtoto wa nani. Baadhi ya meli za Royal Caribbean na Disney zina sehemu ndogo ya maji kwa watoto wa pampasi. Si zote, kwa hiyo ulizia meli kwa jina lake, usiishie kwenye jina la kampuni.

Vilabu vya watoto melini, mnakowaachia wahudumu wawaangalie, navyo vinafuata mstari huohuo. Adventure Ocean ya Royal Caribbean inaanza miaka 3, na lazima mtoto awe ameacha pampasi. Camp Ocean ya Carnival inaanza miaka 2, na wahudumu wanambadilisha. Disney wana chumba cha kulea kuanzia miezi 6, cha kulipia kwa saa, na nafasi huisha mapema. Mwenye mtoto wa miaka 2 na ushee asikimbilie kumfundisha choo wiki moja kabla ya safari. Mahali pageni, choo chenye mlio wa kutisha kama wa ndege, atarudi nyuma siku ya kwanza.

Hesabu pampasi 7 kwa siku kwa aliye chini ya mwaka, 5 kwa mkubwa kidogo, kisha ongeza za siku 2. Duka la melini likiwa nazo, saizi yako ndiyo itakayokosekana. Maziwa ya kopo beba ya kutosha safari nzima, makopo yakiwa hayajafunguliwa. Chakula kilichopikwa nyumbani hakiruhusiwi kupanda, na birika la umeme litachukuliwa pale kwenye ukaguzi kwa sababu ya hatari ya moto. Maji ya moto yanapatikana kwenye mkahawa wa kujihudumia. Uji wa shayiri upo kila asubuhi, ni mzito mno, uombe maziwa uulainishe.

Chumba cha kawaida ni kama mita za mraba 15 hadi 18. Omba kitanda cha mtoto wakati wa kulipia, maana vina idadi, na kikishafunguliwa sakafu imeisha. Kuta nyingi ni za chuma: ndoano 6 za sumaku zitakubebea taulo, nguo mbichi, na kanga ya kumkinga mtoto na mwanga. Kanga ya pili tandika kwenye zulia kwa anayetambaa, ya tatu mbebee mgongoni. Milango mingi ina upana usiofika sentimita 60, hivyo kigari kipana hakiingii, na kukiacha kwenye korido hakuruhusiwi. Mlango wa bafu una kizingiti cha kujikwaa na hujifunga kwa uzito, vidole viangaliwe. Bafu nyingi zina shawa tu, kwa hiyo beba beseni la kujaza upepo.

Kuhusu kulevywa na bahari, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: chagua chumba cha chini, katikati ya meli, panapoyumba kidogo kuliko pote. Wa chini ya miaka 2 kwa kawaida hawasumbuki. Dawa ya dimenhydrinate hutolewa kuanzia miaka 2, kwa kipimo cha daktari. Vibandiko vya nyuma ya sikio ni vya watu wazima. Na nawa kwa maji na sabuni, kwani jeli ya spiriti haiviwezi vizuri virusi vya kuharisha vinavyosambaa melini.

Siku ya kupanda, muulize mhudumu wa chumba jaketi la kuokolea maisha la saizi ya mtoto. La mtoto mchanga ni la chini ya kilo 15, la mtoto ni kilo 15 hadi 43. Lijaribu hapohapo, mikanda yote ifungwe.

Makaratasi ni mafupi kusema, ghali kukosea. Mtoto raia wa Marekani wa chini ya miaka 16, meli ikianza na kuishia bandari ileile, huweza kutumia cheti cha kuzaliwa. Mkimbizi anahitaji hati yake ya kusafiria mkononi kabla ya kuondoka. Aliyeomba hifadhi na hajajibiwa asipande bila ruhusa ya kurudi, kwa kuwa kwenda Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ni kutoka nje ya Marekani, na ombi linaweza kuhesabiwa limeachwa. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi, kata bima ya safari.

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango, na hutayaona tena hadi bandarini. Bakiza ndani nguo za asubuhi, viatu vya kila mmoja, na pampasi 4.