Siku moja kabla ya msimu: bunduki, upepo na pronghoni wa Wyoming

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kahawa, kabla ya bunduki, tunasoma utabiri wa upepo. Hapa ni nyanda za Wyoming, mwanzoni mwa Oktoba, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri maji yanaganda ndooni, adhuhuri mtu anavua koti. Utabiri wa leo: upepo wa kilomita 15 kwa saa asubuhi, zaidi ya 30 mchana. Kesho msimu wa kuwinda pronghoni unafunguliwa na wageni wanne tunaowaongoza wana vibali. Kazi yetu leo ni moja: kila mgeni ajue bunduki yake inafika wapi, na hasa yeye mwenyewe anafika wapi.

Kwa asiyemjua mnyama huyu: pronghoni huitwa swala, lakini si swala. Ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi wa misitu ya Kongo. Pembe yake ina uma, na kila mwaka ganda lake la nje huanguka na kuota upya. Dume ni kilo 45 hadi 60, mkubwa kuliko swala tomi. Anakimbia karibu kilomita 88 kwa saa, na macho yake makubwa ya pembeni yanakuona ukiwa mbali zaidi ya kilomita moja. Eneo la moyo na mapafu ni duara la sentimita 20 hivi. Ukubwa wa sahani ya karatasi ya pilau, basi.

Saa 12:30. Masanduku yanafunguliwa. Boliti, yaani komeo la chemba ya risasi, nje, mtutu unatazamwa kwa tochi, magazini (kisanduku cha risasi) tupu, ndipo mazungumzo yaanze. Leo kuna bunduki nne, kila moja kwa jina la risasi yake: .243 Winchester, .25-06 Remington, 6.5 Creedmoor na .270 Winchester. Zote nne zinatosha. Pronghoni hana mwili mgumu, wala hahitaji bunduki ya nyati. Mgeni akija na .300 Magnum hatumfukuzi, ila mara nyingi ndiye anayefumba macho akivuta triga kwa kuogopa teke, na risasi yake inakwenda chini kushoto.

Watu hubishana sana juu ya kasi ya risasi. Kwetu suala ni upepo. Chukua 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha risasi chembamba, kirefu, cha greni 143, yaani gramu 9.3, kinachotoka kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma kama sentimita 7 kwenye mita 200, na kama 17 kwenye mita 300. Upepo ukiwa maradufu, msukumo nao maradufu: sentimita 34. Hapo hata ukilenga katikati ya ile sahani umeshaikosa, na mbaya zaidi umempiga mnyama tumboni au mguuni. Ile .243 yenye greni 100 ina kasi zaidi ikitoka mtutuni, lakini kichwa chake kinapoteza mwendo mapema, kwa hiyo kwenye mita 300 upepo unaisogeza zaidi ya sentimita 20. Si bunduki mbaya. Mwenye nayo anajiwekea mpaka mfupi, basi.

Uzito nao una neno. Bunduki nyepesi ya mlimani, kilo 2.5 pamoja na darubini, ni raha kubeba na ni taabu kuituliza upepo unapoitikisa. Yenye kilo 3.5 na mtutu wa sentimita 56 hadi 61 inatulia vizuri zaidi, na hapa hakuna milima ya kukumaliza pumzi. Darubini ya mara 3 hadi 9 inatosha. Mwenye ya mara 25 huishia kutazama mazigazi yanayochezacheza badala ya mnyama.

Saa 2. Skrubu. Bunduki hizi zimepanda ndege na kurushwa na wapakia mizigo, kwa hiyo hakuna inayoaminiwa. Bisibisi ya kupimia mkazo inapita kwenye kila pete inayoshika darubini: nyutoni-mita 2 hivi, au kama kitabu cha pete kinavyosema. Ukikaza kwa nguvu za mkono unabana bomba la darubini na vipimo vya ndani vinakwama. Ukilegeza, kila teke linaisogeza mbele kidogo. Dalili yake ni mkwaruzo mdogo unaong'aa kwenye bomba, mbele tu ya pete, mwembamba kama uzi. Leo tumeuona kwenye ile .25-06. Pete zimefunguliwa, zimefutwa mafuta kwa spiriti, zikafungwa upya kwa zamu, skrubu moja huku, nyingine kule, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Saa 3:30. Uwanja wa shabaha, upepo bado mdogo. Mtutu unapitishwa kitambaa kikavu kwanza, maana mafuta yaliyobaki ndani huipeleka risasi ya kwanza pembeni, na kesho risasi ya kwanza ndiyo yenye maana. Risasi tatu kwenye mita 100, mtutu upoe dakika 10, kisha tatu tena. Darubini zenye vipimo vya mil, kipimo cha pembe, husogea sentimita 1 kwa kila mbofyo kwenye umbali huu. Zile za robo dakika ya pembe (si dakika ya saa) husogea milimita 7 hivi. Hatugusi kitu kwa sababu ya risasi moja iliyopotea. Tunatafuta kitovu cha matundu matatu, ndipo tunazungusha.

Hiyo 6.5 tunaiweka ipige sentimita 6 juu kwenye mita 100. Hapo inagonga palepale kwenye mita 200, na inashuka kama sentimita 25 kwenye mita 300. Hesabu hiyo tunaithibitisha kwa kupiga, kwa sababu jedwali la nyuma ya boksi halijui urefu wa mtutu wako wala mwinuko wa hapa. Kosa la kila mwaka: mgeni amesawazisha darubini nyumbani kwa risasi za aina moja, akaja na boksi la aina nyingine kwa kuwa za kwanza ziliisha dukani. Uzito uleule, jina la kampuni lilelile, lakini kichwa tofauti, na matundu yamehama sentimita 8. Tunarudia yote kuanzia mwanzo. Kwenye ndege kikomo cha risasi kwa kawaida ni kilo 5 kwa abiria, na kilo 5 ni nyingi. Boksi tatu za aina moja, zenye namba moja ya toleo, zinatosha kazi yote.

Saa 6 mchana. Upepo umekuja, na sasa meza ya kulengea hairuhusiwi. Ndiyo saa ya maana kuliko zote leo, ingawa wageni wengi wangependa kwenda kula. Mezani kila mtu ni fundi. Porini hakuna meza. Kuna majani mafupi, vichaka vya seji na dungusi kakati. Sahani za karatasi zinapigiliwa kwenye mita 150, 200, 250 na 300. Risasi tano kwa kila umbali: mtu amelala na bunduki ina miguu miwili, kisha ameketi na vijiti vya kulengea. Sheria yetu ni kwamba umbali wa mwisho ambao zote tano zimeingia sahani ndio mpaka wako wa kesho. Nne kati ya tano haihesabiki. Mwenye .270 alikuwa na kundi zuri la matundu kuliko wote mezani. Akiwa ameketi, mpaka wake ni mita 150. Akilala anafika 250. Tunaandika kwenye plasta na kuibandika kwenye kitako cha bunduki, aione kabla ya kuvuta triga.

Miguu ya bunduki iwe inayorefuka. Ile mifupi ya sentimita 15 hadi 23 ni ya uwanja mtupu. Hapa seji inaziba darubini yote.

Saa 9:30 alasiri. Darubini za macho na ramani. Tunakaa mbali, kilomita moja na nusu, jua likiwa mgongoni. Pronghoni anaweza kuruka uzio lakini hapendi; anapita chini ya waya wa mwisho, na pale anapopita kuna manyoya na mchanga uliochimbika. Panapo njia hiyo karibu na bwawa la ng'ombe, pana subira ya kesho. Dume lina baka jeusi shavuni. Usitazame pembe pekee, jike pia huweza kuwa nazo, fupi kuliko masikio. Na wageni tunawakumbusha: wanyama hawa husimama kundi, risasi inapita na kutoka upande wa pili. Kama kuna mwingine nyuma, huvuti.

Simu inaonyesha mipaka ya ardhi. Ya serikali na ya watu binafsi zimechanganyika kama mkeka, na kwenye ya mtu huingii bila ruhusa yake.

Saa 1 usiku. Mizigo. Kibali na kalamu, nguo ya juu ya rangi ya machungwa inayowaka au waridi kama sheria inavyotaka, kipima umbali cha leza, maji lita 3, glavu za ngozi, vilinda magoti, na koleo dogo la kung'oa miiba, kwa sababu kutambaa mita 200 hapa bila dungusi kakati haijawahi kutokea. Visu viwili, mifuko minne ya pamba ya nyama. Masanduku mawili ya barafu yamejazwa chupa za maji yaliyogandishwa. Barafu ya mapande ikiyeyuka inalowesha nyama na kuiharibu. Joto la mchana likiwa nyuzi 20, ngozi itoke ndani ya saa moja. Wanaolalamika kwamba pronghoni ananuka, wengi walimzungusha garini mchana kutwa na ngozi yake.

Saa 3. Bunduki hazilali ndani penye jiko. Ukiitoa kwenye baridi ukaiingiza kwenye joto, lenzi inatoa jasho, na jasho likiganda alfajiri huoni kitu. Zinafungiwa garini kwenye masanduku, bila risasi, boliti kwenye begi la kila mwenyewe. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo kengele imewekwa saa 10:15.