Mavazi ya Sauli, mkono wa Joe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Samweli 17:38–40. Lisome taratibu kabla hujaendelea, maana wengi wetu hukimbilia kombeo na jiwe, tukapita juu juu pale mfalme Sauli anapomvika kijana Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita, hata chapeo yake ya shaba, aende kupigana na Goliathi. Mimi nimekwama papo hapo tangu Jumatatu.

Nimekwama kwa sababu ya mwanangu. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka 26, naye nikampeleka kuisomea hiyo hiyo. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia kwa heshima zote, "Baba, mimi hii siiwezi." Nilimjibu vibaya. Usiku ule nilishindwa kusali, na nilipokuwa nimekaa gizani, aliyenijia akilini ni bondia mmoja wa Marekani, Marvis Frazier.

Baba yake ni Joe Frazier. Wapenzi wa masumbwi hawahitaji kuambiwa zaidi. Alichukua dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo mwaka 1964, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na Machi 8, 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, akawa mtu wa kwanza kumshinda Muhammad Ali katika ngumi za kulipwa. Raundi ya 15 alimlaza chini kwa konde la kushoto.

Konde hilo lina habari yake. Joe alizaliwa mwaka 1944 huko Beaufort, South Carolina, mtoto wa mkulima maskini aliyeitwa Rubin. Rubin alikuwa amepoteza mkono wa kushoto kwa risasi, kwa hiyo mtoto ndiye akawa mkono huo kazini, anashika kile ambacho baba hawezi kukishika. Kisha Joe mwenyewe, angali mdogo, alikimbizwa na nguruwe, akaanguka, mkono wake wa kushoto ukavunjika. Fedha ya daktari haikuwepo. Mfupa uliunga wenyewe kwa kupinda, na hakuweza tena kuunyoosha sawasawa. Joe alisimulia hivyo kwa kinywa chake. Mkono ukabaki umekunjika, tayari siku zote kurusha lile konde lililomwangusha Ali.

Nimelitafakari hili mpaka machozi yamenitoka. Mungu alichukua mkono mbovu wa mtoto wa kimaskini akaufanya utambulike dunia nzima. Lakini kitu cha namna hiyo unamrithisha mwanao vipi?

Marvis alizaliwa mwaka 1960, akajifunza ngumi Philadelphia, katika jimu ya baba yake kule North Broad Street. Tusidhani alibebwa na jina. Kwenye ngumi za ridhaa alishinda mapambano 56 na kupoteza 2 tu, na mwaka 1979 alikuwa bingwa wa taifa wa Golden Gloves, mashindano ya ngumi za ridhaa ya Marekani. Kocha George Benton alimlea kama bondia wa akili: anasimama wima, anatumia jebu, yaani konde la moja kwa moja la mkono wa mbele, anacheza na miguu, hapigwi ovyo. Alipoingia ngumi za kulipwa mwaka 1980, baba akashika usukani, akawa kocha wake na meneja wake. Akaanza kumfundisha kupigana kama Joe: inama, yumbisha kichwa, songa mbele, kubali kuumia ili ufike pale mkono wa kushoto unapofika. Ila mkono wa Marvis haukuwahi kuvunjwa na nguruwe.

Ndiyo chapeo ya shaba ya Sauli hiyo, wapendwa. Ni chapeo nzuri, ya mfalme, na mwenye kuivalisha anaivalisha kwa mapenzi.

Novemba 25, 1983, Las Vegas, Marvis alipanda ulingoni na Larry Holmes, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Yeye alikuwa na mapambano 10 ya kulipwa. Holmes alikuwa na 44, hajapoteza hata moja. WBC, moja ya vyama vinavyosimamia ubingwa wa ngumi duniani, kilikataa kulitambua kuwa pambano la ubingwa, lakini Joe aliamini kijana yuko tayari. Mapema kabisa Marvis alishusha mikono, akaanza kumchokoza bingwa. Likaja konde la kulia, akaenda chini. Akainuka. Holmes akamsukuma kwenye kamba akampiga mfululizo, kijana hajibu tena, mpaka Holmes mwenyewe akamgeukia mwamuzi Mills Lane na kumpungia mkono aje asimamishe. Zilibaki sekunde 3 raundi ya kwanza iishe. Holmes, enzi za ujana wake, alikuwa akifanya mazoezi ulingoni na Joe Frazier. Aliyeona kwamba mtoto wa Joe ametosha kupigwa alikuwa mpinzani wake.

Hapo ndipo ninapokumbuka Manila, kule Ufilipino. Oktoba 1, 1975, pambano la tatu la Joe na Ali, kwenye joto lisilosemeka. Marvis alikuwepo, mvulana wa miaka 15. Baada ya raundi ya 14 baba yake alirudi kwenye kona macho yamevimba, hayaoni ngumi zinatoka wapi. Alitaka kuendelea, ilibaki raundi moja tu. Kocha wake, Eddie Futch, mzee asiyekuwa na undugu wowote naye, akamwambia akae, akamwita "mwanangu", akasema imekwisha na hakuna atakayesahau alichofanya pale siku ile. Joe alikataa, lakini Futch hakurudi nyuma. Hakujua kwamba upande wa pili Ali naye alikuwa hoi. Alichojua ni kwamba huyu mbele yake ni mtu, ana watoto, na lazima arudi nyumbani.

Simlaumu Joe. Nani aweze? Nafikiri tu kwamba Futch aliweza kuona kwa sababu alipomtazama Joe alimwona Joe. Baba akimtazama mwana hujiona mwenyewe, tena akiwa kijana, tena akipewa nafasi ya pili. Najua, kwa maana miaka hii yote nimemwombea mwanangu awe kile nilichoshindwa kuwa mimi, na nikaiita sala hiyo imani.

Marvis alirudi akashinda mapambano kadhaa magumu. Kisha Julai 26, 1986 akakutana na Mike Tyson. Sekunde 30. Mwaka 1988 akatundika glovu, ameshinda 19 na kupoteza hayo mawili.

Sasa turudi kwa Sauli, maana huwa tunamhukumu haraka. Mstari wa 39 Daudi anasema hawezi kwenda na vitu hivi kwa kuwa hajavijaribu, anavivua. Jeshi zima lipo. Kuvua mavazi ya mfalme mbele ya watu wake si jambo dogo, na bado hatusomi popote kwamba Sauli alibisha. Hakumwambia, "Mavazi haya yameniweka mimi hai." Alimwacha avue. Katika maisha ya Sauli yenye makosa mengi, hilo nalihesabu kuwa tendo jema.

Na mstari wa 40 unatuonyesha Daudi alichukua nini badala yake: fimbo, kombeo, mfuko wa mchungaji. Hivyo vyote vilitoka kwenye kazi ya kondoo wa Yese. Hakuikana nyumba ya baba yake. Alichukua humo kile ambacho mikono yake mwenyewe ilikuwa imekijaribu.

Marvis naye hakuwahi kumkana Joe. Usiku ule wa Las Vegas baba aliingia ulingoni akamkumbatia, na hakuna konde lililoweza kuwatenganisha hao wawili mpaka Joe alipofariki Novemba 2011. Kijana aliyeshindwa kuvaa konde la baba yake aliwekewa mikono akawa mhudumu wa Injili. Kile alichokijaribu mwenyewe kilikuwa hicho.

Mwanangu anakuja Jumamosi. Sijamwambia lolote kuhusu Frazier wala Sauli. Nataka kumwomba msamaha kwa jibu la simu ile, kisha nimwulize anapenda kufanya nini, na ninyamaze mpaka amalize. Mniombee kwenye hilo la kunyamaza.