Odysseus mlingotini na wanafunzi wa Basil

Nilipoanza kuwasoma Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Ukristo wa karne za mwanzo, walioandika kwa Kigiriki, nilitarajia kuwakuta wakiizika miungu ya kale na kuisahau kabisa, kumbe nilikutana na watu waliomjua Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, karibu kama walivyozijua Zaburi. Wakristo hao hawakumpenda Zeus, mkuu wa miungu hiyo. Kilichowafunga kwa Homer, kwa maoni yangu, ni shule, kwa kuwa mtoto aliyetaka kujua sarufi na balagha alizisomea tenzi zake na tamthilia za Euripides, na wazazi Wakristo hawakuwa na shule nyingine ya kumpeleka.

Aliyeliona jambo hilo waziwazi ni Kaisari Julian wa Roma, aliyelelewa katika Ukristo kisha akairudia miungu ya wahenga. Mwaka 362 aliwazuia Wakristo kufundisha fasihi ya Kigiriki, akidai kwamba asiyeiamini miungu ya Homer na ya mshairi mwenzake Hesiod hana haki ya kuwafafanulia vijana vitabu vyao. Mwalimu wa namna hiyo, alisema Julian, na aende makanisani akawaeleze watu Mathayo na Luka. Gregory wa Nazianzus, mmoja wa Mababa hao, aliyewahi kusoma Athens wakati mmoja na Julian, alighadhibika na kujibu kwamba lugha ya Kigiriki si mali ya wanaotoa sadaka kwa miungu peke yao. Mwanahistoria Socrates wa Constantinople anasimulia kwamba Mkristo msomi Apollinaris na mwanawe walijaribu kuliziba pengo kwa kuvigeuza vitabu vya Musa kuwa utenzi wa mizani ya Homer, na Injili kuwa majadiliano kama ya mwanafalsafa Plato. Julian aliuawa vitani dhidi ya Waajemi mwaka 363, na kazi hizo, asema Socrates huyo huyo, zikawa kana kwamba hazikuandikwa kamwe. Walimu walirudi kwa Homer wa siku zote, na jambo hilo kwangu ni ushahidi mzito kuliko hotuba zote za Gregory.

Kuhusu namna ya kumsoma Homer huyo, mfano unaonivutia zaidi ni ule wa Sireni, viumbe ambao nyimbo zao ziliwavuta mabaharia hadi wakaangamia. Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, alifungwa kwenye mlingoti wa merikebu yake ili apite karibu nao bila kuwafuata. Clement wa Alexandria, mwalimu Mkristo, akiandika karibu na mwisho wa karne ya 2, anamtazama Odysseus huyo aliyefungwa mlingotini na kuuona mlingoti ule kuwa mti wa msalaba: anayejifunga kwake atapita salama. Askofu Basil wa Caesarea, katika hotuba yake ya karne ya 4 kwa vijana wanaosoma vitabu vya Kigiriki, anawataka wachague kama nyuki achaguavyo maua, na washairi wanapowasifu waovu, wazibe masikio kama Odysseus alivyoukimbia wimbo wa Sireni. Hapo nilitabasamu, kwa sababu katika Homer waliozibwa masikio kwa nta ni wapiga makasia. Odysseus mwenyewe aliusikia wimbo wote. Hata hivyo, kijana asiyemjua Homer asingeelewa onyo la Basil hata kidogo, na onyo lenyewe likawa sababu nyingine ya kukifungua kitabu.

Hali hiyo iliendelea kwa karne nyingi baada yao. Mwaka 895 Arethas, aliyekuwa bado shemasi na ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Caesarea ile ile ya Basil, alimlipa mwandishi aitwaye Yohane ili amnakilie majadiliano ya Plato kwenye ngozi, na nakala hiyo sasa imehifadhiwa Oxford. Mwaka 914 aliagiza nakala nyingine, ya maandishi ya watetezi wa kwanza wa Ukristo, na ni kutokana na nakala hiyo hasa kwamba leo tunaweza kuyasoma maneno ya Clement kuhusu mlingoti wa Odysseus.